Maneno ya Kichina ya kuimbia: yashike kwa koo kwanza, daftari baadaye

Kama unajifunza Kichina na wewe ni mtu wa kwaya, au unapenda tu kuimba, kuna siku utakwama kwenye neno moja dogo sana, neno sauti. Sisi kwenye Kiswahili tukisema sauti tumemaliza, sauti ya mtu, sauti ya gari, sauti ya kwanza ya pili ya tatu, punguza sauti, amepoteza sauti, yote ni sauti. Kichina hawaendi hivyo. Sauti hiyohiyo wameigawa, kuna shēng, kuna yīn, kuna sǎng, kuna qiāng, alafu kuna diào anapita pembeni, na ukitumia moja mahali pa nyingine watu wanakuelewa ila wanakuangalia kidogo. Mi nilikaa karibu mwaka mzima nikiyachanganya, na nilikuwa na orodha ndefu kwenye daftari, maneno kama themanini hivi, nimeyapanga vizuri na rangi, na hayakunisaidia kitu.

Kilichonisaidia ni mkono wa mwalimu. Nilikuwa nimejiunga na kwaya ya chuo kule China, mwalimu wetu mama wa makamo, tunamwita lǎoshī kama wanavyoitwa walimu wote kule, na siku moja tukiwa tunapasha sauti akanisimamisha katikati ya mstari, akaniwekea kiganja chini ya mbavu akasema 别用嗓子唱，用气息唱 (bié yòng sǎngzi chàng, yòng qìxī chàng). Nilishika chàng tu, kuimba, na yòng, kutumia. Akarudia. Kwenye sǎngzi akajigusa koo lake, kwenye qìxī akanibonyeza kiganja. Usiimbe kwa koo, imba kwa pumzi. Nikavuta pumzi mpaka kiganja chake kikasogea, nikaimba, akasema 对了 (duì le), hapo sawa. Mpaka leo nikisikia qìxī nasikia kile kiganja.

Kwa hiyo njia ninayokupa ni hii. Acha orodha ya maneno hamsini, chukua herufi sita tu: 嗓, 声, 音, 腔, 气, 调. Kila moja ipe mahali pake mwilini, itamke huku umegusa hapo au huku unafanya kitendo chenyewe, alafu maneno mengine mengi utakuta yamejengwa kwa hizohizo sita kama nyumba kwa matofali, utayabahatisha mwenyewe kabla hujafungua kamusi.

Anza na 嗓 (sǎng). Hiyo ni koo, ila ni koo kama chombo cha kuimbia. 嗓子疼 (sǎngzi téng) koo linaniuma, 嗓子好 (sǎngzi hǎo) ana sauti nzuri, neno ni lilelile. Angalia kushoto kwake kuna 口, mdomo, kulia kuna 桑 ambayo ni mforsadi, ule mti ambao majani yake wanalishwa viwavi wa hariri, na hapo imewekwa kwa ajili ya matamshi tu. Ushike huo mforsadi maana utaurudia huko chini. Ukiona 嗓 kwenye neno jua wanazungumzia kifaa chenyewe, koo la mtu na jinsi Mungu alivyoliumba au maisha yalivyolifanya.

声 (shēng) na 音 (yīn) ndo zinazosumbua zaidi. Kuna kitabu chao cha zamani sana cha taratibu na adabu, kinaitwa Liji, kwenye sehemu ya muziki kina maneno haya, 声成文，谓之音, yani shēng ikishapangika ikawa na nakshi ndo inaitwa yīn. Mi sijaona maelezo mazuri kuliko hayo. Shēng ni sauti inavyotoka kwa mtu, mbichi, yīn ni sauti ikiwa tayari ni muziki, ni noti. Ndo maana ukizungumzia namna koo linavyotoa sauti mara nyingi utakuta 声, kama 真声, 假声, 气声 tutakazozikuta huko chini, na ukizungumzia noti na mambo yake utakuta 音, kama 高音 (gāoyīn) noti ya juu, 低音 (dīyīn) noti ya chini, 音准 (yīnzhǔn) usahihi wa noti, 音域 (yīnyù) upana wa sauti yako kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. Haifuatwi asilimia mia, kuna maneno yanatoroka, ila itakubeba mbali. Na 音色 (yīnsè) ni neno zuri mno, neno kwa neno ni rangi ya sauti, ile inayofanya ujue ni mama anakuita hata akiwa chumba cha pili.

腔 (qiāng) mi ndo naipenda kuliko zote. Ivunje: kushoto kuna alama ya nyama, kulia kuna 空, tupu. Nyama iliyo na uwazi ndani. Ndo hicho tu, ni uwazi wa mwili, 口腔 (kǒuqiāng) uwazi wa mdomo, 鼻腔 (bíqiāng) wa pua, 胸腔 (xiōngqiāng) wa kifua, 头腔 (tóuqiāng) wa kichwa. Na kwa kuwa sauti inavuma humo ndani, neno likahama likawa pia ndo namna ya kuimba yenyewe, mahadhi, hata lafudhi, ndo maana opera ya mkoa wa Shaanxi, yani maigizo yao ya kuimba, inaitwa 秦腔 (Qínqiāng) na mtu mwenye lafudhi ya Beijing wanasema ana 京腔 (jīngqiāng). Weka kiganja kifuani, imba noti ya chini uisikie inavuma, sema xiōngqiāng. Panda juu, weka vidole juu ya pua na paji la uso, sema tóuqiāng. Alafu unganisha na 共鸣 (gòngmíng), kuvuma pamoja. Hiyo 鸣 ya pili ni mdomo 口 na ndege 鸟, ndege analia. 胸腔共鸣, 头腔共鸣, maneno mawili ambayo mwalimu yeyote wa kuimba kule atakuambia ndani ya wiki ya kwanza.

气 (qì) ni pumzi, hewa, na ina mambo mengi nitayarudia. 调 (diào) ni tyuni, ni ki ya wimbo, yani kimo ambacho wimbo unaimbwa, na pia ndo toni za lugha yenyewe, 声调 (shēngdiào). Lugha na wimbo kwao vimeshikana tangu kwenye neno.

Kabla hatujaendelea, kidogo tu juu ya kutamka, maana maandishi ya pinyin, yani Kichina kwa herufi za Kilatini, yanadanganya mtu wa Kiswahili. q tamka kama ch yetu huku umetabasamu, ncha ya ulimi chini nyuma ya meno. x ni sh hivyohivyo na tabasamu. zh kunja ulimi juu alafu tamka kitu katikati ya j na ch. c ni ts yenye pumzi. ng ya mwisho ndo ng' yetu ya ng'ombe, hapo sisi tumebarikiwa, wageni wengine wanahangaika nayo. Na b, d, g zao si za kwetu, ni p, t, k ambazo hazina pumzi, na p, t, k zao ndo zenye pumzi. Kama umelelewa Mombasa na unatofautisha paa la nyumba na paa yule mnyama kwa ile pumzi ya kwenye p, basi tofauti hiyo unayo tayari kinywani, ihamishe tu. Toni jifunze na neno siku ileile, usiseme nitaongeza baadaye, maana qì ya kushuka ni pumzi na qī iliyonyooka juu ni saba.

Sasa pumzi. 呼吸 (hūxī) ni kupumua kwa kawaida, toa na vuta. 气息 (qìxī) ndo pumzi ya mwimbaji, ile unayoitawala. 换气 (huànqì) kubadilisha pumzi, yani pale unapovuta hewa mpya kati ya mistari, na wimbo ukiwa mgumu utaambiwa uweke alama kwenye karatasi pale pa kufanya huànqì. Alafu kuna 偷气 (tōuqì), neno kwa neno kuiba pumzi, unavuta kahewa kadogo haraka katikati ya mstari mrefu bila msikilizaji kujua. Ukishaliiba mara moja kwenye mazoezi hulisahau. Na utasikia sana 气沉丹田 (qì chén dāntián), pumzi izame mpaka dāntián, ambayo ni sehemu chini kidogo ya kitovu, dhana imetoka kwenye tiba na mazoezi yao ya zamani. Usianze kubishana kwamba mapafu hayafiki huko. Mwalimu anajua. Anachotaka ni tumbo la chini lishike kazi na mabega yatulie, na ukijaribu kuipeleka pumzi huko kwa mawazo utaona mabega yanashuka yenyewe.

Koo linavyobadilika juu na chini wana maneno matatu yanayokaa pamoja. 真声 (zhēnshēng) sauti ya kweli, unayozungumza nayo. 假声 (jiǎshēng) sauti isiyo ya kweli, ile nyembamba ya juu ambayo wanaume wengi wa kwaya wanaitumia wakiigiza sauti ya kwanza. 混声 (hùnshēng) sauti iliyochanganywa. Na pale katikati panapogoma, pale sauti inataka kuruka, panaitwa 换声区 (huànshēngqū), eneo la kubadilisha sauti. Fanya hivi: anza chini sema zhēn kwa muda mrefu, panda taratibu kama king'ora, ukisikia imeruka sema jiǎ. Dakika mbili tu kila siku, maneno na koo vinajifunza pamoja. Ila angalia, 假声 usije ukaichanganya na 假唱 (jiǎchàng). Ya kwanza ni ufundi, ya pili ni pleibeki, kufungua mdomo huku inapigwa rekodi, na kule ni tuhuma nzito, kanuni zao za maonyesho ya biashara za mwaka 2005 zinakataza kabisa kumdanganya mtazamaji hivyo. Ukimsifia mtu jiǎshēng yake, hakikisha imetoka jiǎshēng.

Kwenye opera ya Beijing majina ni mengine kidogo, na hapa nitakaa maana ndo maneno mengi yalikotoka. Wao wanasema 大嗓 (dàsǎng) koo kubwa na 小嗓 (xiǎosǎng) koo dogo. Wazee wa kiume, lǎoshēng, wanaimba kwa koo kubwa, wahusika wa kike, dàn, wengi wao wanaimba kwa koo dogo, na vijana wa kiume, xiǎoshēng, wanaruka kati ya yote mawili, mstari mmoja koo kubwa na mwingine koo dogo, ndo maana ukiwasikia mara ya kwanza unadhani ni watu wawili. Mei Lanfang, aliyeishi 1894 mpaka 1961, alikuwa mwanaume na aliimba wahusika wa kike maisha yake yote, kwa xiǎosǎng hiyohiyo, na jina lake ndo la kwanza utakalotajiwa na mtu yeyote anayeipenda opera hii. Wana neno 倒仓 (dǎocāng), ghala kuanguka, ndo kile kipindi sauti ya mvulana inapobadilika. Fikiria mtoto amewekwa kwenye kikundi tangu ana miaka saba nane, koo lake ndo chakula chake, alafu mwaka mmoja ghala linaanguka na hakuna anayejua kama litajengwa tena. Neno moja limebeba hofu yote hiyo.

Na asubuhi ukipita kwenye bustani za Beijing, kama pale Tiantan, utawakuta wazee wanavuta yīīī, yāāā, wengine wana mtu wa jīnghú, ile fidla ndogo ya nyuzi mbili, anawafuata. Hiyo ni 吊嗓子 (diào sǎngzi), kutundika koo. Wenyewe wakali watakurekebisha kwamba ukiwa peke yako bila ala ni 喊嗓子 (hǎn sǎngzi), kupaza koo, na ukiwa na jīnghú ndo diào, lakini mtaani wote wanasema diào sǎngzi na wewe ukisema hivyo uko sawa. Sisi watu wa nyimbo za kawaida tunasema 开嗓 (kāisǎng), kufungua koo, kupasha sauti.

Mapambo ya sauti yapite haraka kwa kuyafanya. 颤音 (chànyīn) vibrato, noti inayotetemeka, 颤 ni kutetemeka. 滑音 (huáyīn) noti inayoteleza kutoka moja kwenda nyingine, 滑 ndo utelezi uleule wa barabara ya matope. 转音 (zhuǎnyīn) kuzungusha, silabi moja unaipitisha noti tano sita kama waimbaji wa taarabu wanavyoirembesha mwisho wa mstari. 哭腔 (kūqiāng) sauti ya kilio, unaimba kama unataka kulia, na hapo ni 腔 si 声 maana ni namna ya kuimba. 气声 (qìshēng) sauti yenye hewa nyingi, ya kunong'ona. 气泡音 (qìpàoyīn) sauti ya viputo, ule mkwaruzo wa chini wa mtu aliyetoka kuamka asubuhi, na walimu wengi wanaanza nayo kupasha koo, jaribu sasa hivi na utaona kweli ni viputo. 海豚音 (hǎitúnyīn) sauti ya pomboo, ile ya juu kupita kiasi kama filimbi, Wachina wengi ukiwatajia watamtaja Vitas, mwimbaji wa Urusi aliyependwa sana kule. Na 呼麦 (hūmài) usiivunje kutafuta maana, utapata kupumua na ngano na haitakusaidia kitu, ni jina la Kimongolia limeandikwa kwa herufi za Kichina, ni ule uimbaji ambao mtu mmoja anatoa sauti mbili kwa wakati mmoja, nzito kooni na ya filimbi juu yake.

Sifa za sauti sasa, na hapa chukua muda wako. Sentensi ni moja tu, 她的嗓音很… (tā de sǎngyīn hěn …), sauti yake ni ... sana, alafu unajaza. 甜美 (tiánměi) tamu na nzuri, mara nyingi kwa wanawake. 清澈 (qīngchè) safi kama maji unayoona mchanga chini yake. 圆润 (yuánrùn) mviringo na yenye unyevu, na hii sisi hatuna, ni sauti isiyo na kona wala ukavu, kama kokoto ya mtoni. 浑厚 (húnhòu) nene na nzito, ya besi mzuri wa kwaya. 高亢 (gāokàng) ya juu na ya nguvu, inayovuka bonde, ndo wanavyozisifia xìntiānyóu, nyimbo za kaskazini mwa Shaanxi zilizozaliwa kwenye milima ya udongo wa njano ambako mtu anamwimbia mwenzake ng'ambo ya korongo. 空灵 (kōnglíng), unaiona ile 空 ya kwenye 腔? Tupu na yenye roho, sauti kama inatoka mahali pasipo na mtu. 有磁性 (yǒu cíxìng) ina sumaku. Hii niliisikia mara ya kwanza kwenye chumba cha KTV, yani karaoke, rafiki wa kike wa darasani alinisikia nikizungumza kwenye maiki kabla hata wimbo haujaanza, akasema 你的声音很有磁性, nikadhani maiki ina hitilafu ya umeme. Ni sifa, sauti ya chini inayovuta mtu.

Alafu kuna sauti zilizopigwa na maisha. 沙哑 (shāyǎ) yenye mchanga na iliyokauka, inaweza kuwa ugonjwa na inaweza kuwa sifa, inategemea. 烟嗓 (yānsǎng) koo la moshi, hiyo sa hivi ni sifa kubwa kwa waimbaji wa kisasa. Na 沧桑 (cāngsāng). Hapa ndo ule mforsadi unarudi. Limefupishwa kutoka 沧海桑田 (cānghǎi sāngtián), bahari ya buluu imekuwa mashamba ya miforsadi, yani muda mrefu umepita na dunia imegeuka. Ukisema sauti ya mtu ni cāngsāng unasema ameona mengi na yanasikika. 桑 iko kwenye 沧桑 na 桑 iko kwenye 嗓, ukizikumbuka pamoja hutasahau zote mbili.

Moja ya mwisho ya sifa, ya watu wa opera, 云遮月 (yún zhē yuè), mawingu yamefunika mwezi. Ni koo ambalo likianza linasikika limefifia kidogo, kama lina pazia, ila kadiri mtu anavyoimba linafunguka na mwanga unapita. Tan Xinpei (1847 mpaka 1917) ndo anayetajwa sana kwa sauti ya namna hiyo. Wanaiheshimu sana. Tofautisha na 金嗓子 (jīn sǎngzi), koo la dhahabu, lile alilopewa Zhou Xuan, nyota wa Shanghai wa miaka ya 1930, hilo ni kung'aa moja kwa moja.

Na ukitaka kusifia mpaka mwisho, 余音绕梁 (yú yīn rào liáng), mabaki ya sauti yanazunguka boriti. Hadithi iko kwenye kitabu cha kale cha Liezi, mwanamke anaitwa Han E alienda nchi ya Qi, chakula kikamwishia njiani, akaimba langoni apate cha kula, na alipoondoka sauti yake iliendelea kuzunguka kwenye boriti siku tatu, watu wakadhani bado yupo. Mtandaoni vijana wana yao, 开口跪 (kāikǒu guì), akifungua tu mdomo unapiga magoti.

Makosa lazima uyajue pia, ila uyajue ya kujisemea wewe na ya kusikia, si ya kumrushia mtu. 跑调 (pǎodiào) tyuni imekimbia, umetoka kwenye noti. 破音 (pòyīn) sauti imepasuka kwenye noti ya juu. 抢拍 (qiǎngpāi) umenyang'anya mdundo, umewahi, na 拖拍 (tuōpāi) umeuburuza, umechelewa. Hayo manne mwalimu anayasema waziwazi na hayana ubaya. 大白嗓 (dàbáisǎng) koo jeupe kubwa, ni kuimba kwa kupiga kelele bila kuvuma popote, hapo tayari panauma kidogo. 五音不全 (wǔyīn bùquán) noti tano hazijatimia, maana muziki wao wa asili una noti tano, gōng, shāng, jué, zhǐ, yǔ, na hili Wachina wanajisemea wenyewe kwa unyenyekevu hata mtu anayeimba vizuri. Ila 公鸭嗓 (gōngyāsǎng) koo la bata dume, na 破锣嗓子 (pòluó sǎngzi) koo la gongo lililopasuka, na 鬼哭狼嚎 (guǐ kū láng háo) mizimu inalia mbwa mwitu wanabweka, hayo usimwambie mtu usiyemjua. Mtu akikosea karibu yako sema 有点高了 (yǒudiǎn gāo le), imepanda kidogo, inatosha na anaelewa.

Kwenye KTV yenyewe utahitaji machache: 点歌 (diǎngē) kuchagua wimbo, 切歌 (qiēgē) kuukata na kuruka, 原唱 (yuánchàng) sauti ya mwimbaji mwenyewe ikiwa imewashwa, 伴奏 (bànzòu) ala tupu, 降调 (jiàngdiào) shusha ki, 升调 (shēngdiào) pandisha. Angalia hiyo 升调 inafanana kwa toni na 声调 ya lugha, muktadha ndo unaamua. Na anayeng'ang'ania maiki usiku mzima ni 麦霸 (màibà), mbabe wa maiki.

Ukiulizwa unaimba nini, kuna mafungu. Mashindano makubwa ya vijana ya televisheni ya taifa yaliyoanza 1984, toka 1986 yaliwagawa waimbaji makundi matatu, na mpaka leo watu wanazungumza hivyo: 美声 (měishēng) sauti nzuri, ndo uimbaji wa opera ya Ulaya, 民族 (mínzú) wa kitaifa, uliojengwa juu ya nyimbo za asili, na 通俗 (tōngsú) wa kawaida, nyimbo za kizazi kipya. Mwaka 2006 wakaongeza 原生态 (yuánshēngtài), uimbaji wa kijijini kama ulivyo bila kupitishwa chuoni. Watu wa kwaya za kanisani kwetu, wakitusikia mara nyingi wanatuweka měishēng.

Sasa kitu ambacho hakuna kitabu kiliniambia. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo mdomo wetu ukifika mwisho wa neno unataka kufunguka. Kichina kina n na ng mwishoni. Nilikuwa naimba 天 (tiān), mbingu, noti ndefu, na mwishoni inatoka tiani, kila mara, mimi sisikii kabisa ila kwaya nzima inasikia. Mwalimu akanifundisha kwa maneno ya opera: kila neno lina 字头 (zìtóu) kichwa, 字腹 (zìfù) tumbo, 字尾 (zìwěi) mkia. Kichwa kinang'atwa haraka, t na i, tumbo ndo a unaloliachia noti yote, na mkia n unafungwa dakika ya mwisho kabisa, ulimi unagusa juu ya meno na unabaki hapohapo mpaka sauti iishe. Usiuondoe. Ukiuondoa tu ile i inatoka. Kufunga mkia hivyo kunaitwa 归韵 (guīyùn), kulirudisha neno kwenye kina chake. Kung'ata maneno ni 咬字 (yǎozì), na ukiyapata yote unasifiwa 字正腔圆 (zì zhèng qiāng yuán), maneno yamenyooka na sauti imeviringika. Fanya na 天, 山 (shān) mlima, 风 (fēng) upepo, 光 (guāng) mwanga, noti moja ndefu kila neno, kioo mbele yako, angalia mdomo mwishoni.

Na toni je, kwenye wimbo zinaenda wapi? Kwenye nyimbo za kisasa za Mandarin, yani Kichina rasmi hiki tunachojifunza, melodi inazimeza, msikilizaji anajua neno kwa muktadha. Kwenye opera hawakubali, melodi ikipingana na toni wanaita 倒字 (dǎozì), neno limepinduka, na ni kosa. Kwa hiyo ukijifunza neno kutoka kwenye wimbo wa kisasa, lisome kwanza kwa mdomo wa kuzungumza mara kumi na toni zake, ndo uliimbe, la sivyo utakuja kulitamka dukani kwa melodi ya kiitikio na muuzaji hatakuelewa.

Koo likikauka kwa mazoezi yote hayo, sema 嗓子哑了 (sǎngzi yǎ le), sauti imekauka, na mtu yeyote wa kwaya atakuletea 胖大海 (pàngdàhǎi). Ni punje kavu za kahawia, zimekunjamana, kubwa kuliko punje ya kahawa. Unaweka moja au mbili kwenye kikombe cha maji ya moto, unafunika, na ukifunua baada ya muda utakuta imevimba imejaza kikombe kama sifongo laini ya kahawia. Usiitafune. Kunywa maji yake taratibu yakiwa ya vuguvugu, na usiimbe mpaka kesho.